Miluzi Miwili pale Sachangwan

Taniboi, utingo wa lori, anayejua kazi yake hagongi bodi kwa kiganja. Hupiga mluzi. Mmoja mrefu maana yake simama. Miwili mifupi, nenda. Lori lililojaa mbolea linapopanda mlima, mabati yanalia, turubali linapigapiga, na dereva akisikia kishindo nyuma hawezi kujua kama ni mtu au ni mzigo umehama. Mluzi hauchanganyiki na kitu. Wangu ulianzia chini ya mbavu, na ulipotoka, watu wa upande wa pili wa barabara waligeuka kuangalia.

Huo ndio ninaoutamani. Watu hudhani mtu aliyeugua hutamani ujana wake, au nyama choma. Mimi natamani sauti mbili fupi na gurudumu linaloanza kuzunguka.

Shule niliiacha darasa la sita. Nilitoka asubuhi moja kwenda kuangalia reli inaishia wapi, na sikurudi. Nikachimba viazi Molo, nikakata maua Naivasha, nikabebea watalii mikoba pale Longonot, nikipanda hadi ukingo wa shimo la mlima mara mbili kwa siku na jioni bado nikacheza mpira. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kazi inavyofanywa, halafu miguu ikaanza kuwasha. Hakuna aliyenifukuza popote. Nilitaka tu kujua kilicho mbele. Lori ndilo lililonituliza: hatimaye nilikaa mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa panatembea.

Dereva wangu alikuwa mzee wa Nakuru mjini, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja bara na kazi ya reli. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na changu alikuwa akisema kimevunjika mguu na kikaunganishwa na mganga. Tulipandisha mbolea na saruji hadi Molo, tukashuka na viazi.

Kazi ya taniboi kwenye mlima ilikuwa hivi. Lori likizidiwa na kukaribia kusimama, unaruka chini na gogo la pembe tatu, la mti mgumu, zito kama mtoto wa mwaka mmoja. Unakimbia kando ya gurudumu la nyuma ukilibeba. Lori likisimama, unalisukuma gogo nyuma ya gurudumu kabla halijaanza kurudi. Dereva anapanga gia, unapiga miluzi miwili, lori linavuta, unaliokota gogo na mbio zinaanza tena. Ukichelewa, tani zote zile zinarudi kinyumenyume kwa watu walio nyuma yenu. Kwa hiyo taniboi anahitaji vitu viwili: mluzi na mapafu.

Na pale Sachangwan mzee alikuwa na desturi. Tukikaribia mahali walipozikwa watu walioungua lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, alizima redio na kusoma Fatiha, midomo ikitikisika bila sauti. Hakuiwasha tena mpaka tupite kona. Mimi ni Mkristo wa Krismasi tu, lakini nami nilinyamaza. Katika kimya kile ungesikia kila kitu ndani ya kebini: chupa ya maji ikibingirika, saa ya mzee, pumzi zetu.

Uvimbe ulinitokea shingoni, juu kidogo ya mfupa wa bega. Haukuuma. Nilikonda, nikawa naamka shati limelowa kana kwamba nimelala mtoni. Hospitalini wakakata kipande, wakapima, wakasema ni saratani ya tezi za limfu na kwamba ni ya aina inayosikia dawa. Wakanianzishia dawa za kemo kila baada ya wiki mbili. Ilisikia kweli. Uvimbe uliyeyuka kama mafuta kwenye kikaango, nami nikaanza kuhesabu dozi zilizobaki kwa vidole.

Ndipo kikohozi kikaja. Kikavu, kifupi, kama mtu anayetaka kuanza kusema. Daktari aliponiuliza kama kuna jambo jipya, nilisema hakuna. Niliogopa wangesimamisha dawa, msimu wa mbolea ungefika nikiwa bado kitandani, na mzee angetafuta mtu mwingine. Nilikificha kikohozi kile wiki tatu. Nikaenda hadi uwanja wa malori siku moja kumsaidia mzee kufunga turubali, nikavuta kamba mara mbili, na nikajikuta nimekaa chini, nikitafuta hewa iliyokuwa imejaa kila mahali isipokuwa kifuani mwangu.

Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alinionyesha picha ya kifua. Mahali palipotakiwa kuwa peusi palikuwa na ukungu.

"Kuna dawa moja katika zile ulizopewa," akasema. "Imefanya kazi yake shingoni. Njiani imeuma mapafu."

Nikamwomba anichoree mapafu yalivyo ndani. Aliniangalia, akageuza fomu, akachora sifongo. Akasema kila tundu lina ukuta mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, hewa hupita pale kuingia kwenye damu, na sasa kuta zangu zimevimba na nyingine zinaanza kuwa kovu.

"Na kovu hupita hewa?"

"Kidogo sana."

"Litaisha lini?"

"Uvimbe tutaushusha kwa vidonge. Kovu ni kovu. Kilichobaki utakifundisha kufanya kazi ya kilichokufa, na hiyo si kazi ya mwezi mmoja." Kisha akauliza, "Kikohozi kilianza lini hasa?"

Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Aliandika tu, na nikaona kalamu ikikaza kwenye karatasi.

Dawa ile ikaondolewa, nikamaliza dozi zilizobaki bila yake. Pia akaniandikia kadi ya kutembea nayo: popote nitakapotibiwa, hata kwa kung'oa jino, niseme nilipewa dawa ile, wasije wakaniwekea oksijeni nyingi bila kujua, kwa sababu mapafu ya namna yangu huweza kuungua nayo. Mwisho akasema nisije nikazamia baharini na mitungi ya hewa. Sikuwahi kuiona bahari. Sikuwahi kufikiria kuzamia. Tangu siku hiyo natamani kuzamia.

Nilikuwa nimepanga chumba Kaptembwo, katika ploti ya vyumba kumi vinavyoangaliana. Jirani yangu alikuwa mama mmoja anayepika chapati za kuuza mlangoni pake. Nilirudi kutoka hospitalini uso umevimba kwa vidonge, na mzee alipokuja kuniona Ijumaa, baada ya sala, na mfuko wa mahamri, akasimama mlangoni.

"Umejaa uso kama mtu aliyechaguliwa," akasema. "Unaomba kura wapi?"

Nikacheka, na kicheko kikanichukua pumzi hadi nikashika ukuta. Mzee aliacha mzaha. Alikaa juu ya ndoo akinitazama kifua kikipanda na kushuka, na alipoondoka hata mahamri hakuyaonja.

Wiki iliyofuata nikasikia mkokoteni ukiingia kwenye ploti, na vyuma vikigongana. Nikatoka. Mzee alikuwa anausukuma pamoja na mtu wa kuchomelea vyuma kutoka karibu na uwanja wa malori. Juu yake kulikuwa na mtungi mrefu, umefungwa kwa kamba yetu ya turubali, na mpira wa mrija umezungushwa shingoni pake.

"Hewa," mzee akasema, akifuta jasho. "Wale wa hospitali wanaitoa kidogo kidogo. Hii ni mtungi mzima."

"Ni ile ile ya hospitali, boss," mchomeleaji akasema. "Mimi nachomea nayo mageti."

Mama wa chapati alikuwa amekaa na jiko lake la makaa hatua tatu tu kutoka pale. Alisimama polepole, mkono kiunoni. "Mzee, unataka kumponya jirani yangu ama unataka kutuchomelea wote kama geti?"

Nikaitoa kadi. Mzee aliisoma mara mbili, akiishikia mbali kwa sababu ya macho yake, halafu akanirudishia kwa mikono miwili. "Basi hata hewa wamekukataza," akasema. Walizungusha mkokoteni, wakatoka. Nilisimama nikisikiliza magurudumu yakienda na kumwonea huruma mtu aliyekuwa amebeba mzigo mzito namna ile, bure, kwa ajili yangu.

Asubuhi iliyofuata jiko la chapati lilikuwa limehamia upande wa pili wa ploti, karibu na lango, ambako moshi ulienda barabarani. Wateja waliokuwa wakipita mbele ya mlango wangu sasa wakawa wanaishia langoni.

Dada wa mazoezi ya kifua hospitalini ndiye aliyenifundisha kupumua. Sikujua kwamba ni kitu cha kufundishwa. "Vuta kwa pua," alisema, "halafu toa kwa mdomo polepole, kama unapoza uji." Nikamuuliza kwa nini midomo ibanwe. Akasema ukiibana, njia za hewa zinabaki wazi kwa muda, hewa ya zamani inatoka yote, na mpya inapata nafasi. Nikamuuliza ya zamani ikibaki inafanya nini. Nikauliza mengi mpaka akauliza kama nataka kazi yake.

Nikaanza kutembea. Kutoka mlangoni hadi kwenye bomba. Hadi lango. Hadi kibanda cha maji, ambapo nilijifanya nauliza kama maji yapo ili nipate kusimama. Baadaye nikahesabu kwa nguzo za stima. Kuna wiki niliongeza nguzo mbili, na kuna wiki vumbi au homa ndogo ilininyang'anya tano. Mtu aliyezunguka bonde hili lote kwa miguu yake alikuwa sasa anashangilia nguzo ya stima.

Mzee hakukosa Ijumaa. Alikuwa ameajiri taniboi mwingine, mwanaume wa makamo, baba wa mapacha, aliyetoka kwenye kupakua saruji. Ana nguvu, mzee alisema, lakini hajui kupiga mluzi. "Anagonga bodi kama polisi anayetafuta pombe ya chang'aa. Moyo wangu utasimama kabla ya lori."

"Nitarudi, mzee."

"Siku nitakapokusikia mluzi nikiwa kebini, injini inanguruma, utarudi. Na usiniletee firimbi ya plastiki ya refa, nitakushusha nayo."

Aliyasema kwa mzaha, lakini mimi niliyashika kama mkataba. Nilipokuwa napoza uji usiokuwepo, nikagundua kwamba midomo ilikuwa katika umbo lile lile la mluzi. Nikajaribu. Ilitoka hewa tupu. Nikajaribu kila siku, jioni, nimekaa kizingitini, hadi siku moja ikatoka sauti nyembamba kama ya mlango unaotaka mafuta.

"Jirani," mama wa chapati akaita kutoka langoni, "wacha hiyo kitu. Unaita nyoka."

"Nyoka gani Kaptembwo, mathe?"

"Huyo utakayemwita. Jioni mluzi haupigwi nyumbani. Kwenu hamkufunzwa?"

Tulifunzwa. Mama yangu alikuwa akisema hivyo hivyo. Kwa hiyo nikahamisha mazoezi yangu asubuhi, na nje ya ploti, hadi kwenye ua wa mbuga ya wanyama ambako mtaa unaishia na vichaka vinaanza. Mwanzoni nilifika pale baada ya kupumzika mara saba. Nilisimama mbali kidogo na nyaya za umeme na kupiga mluzi kuelekea kwa nyani na kuro, na upande wa pili, mbali, ziwa liling'aa. Wanyama wakanizoea. Masika mawili yakapita. Mluzi ukapata mwili kidogo, lakini wa pili ulikuwa ukipanda kidogo mwishoni, kwa sababu pumzi ilikuwa inaisha na mimi naisukuma. Zamani haukuwa hivyo. Na kila asubuhi nilisikia malori kwa mbali yakibadilisha gia kuelekea juu, Salgaa, Sachangwan, na kifua kikaniuma kwa namna ambayo haikuwa katika picha ya daktari.

Nikamwambia mzee niko tayari.

Tuliondoka Alhamisi, watatu kebini, mimi katikati, yule baba wa mapacha dirishani, gogo miguuni petu. Nyuma kulikuwa na mbolea. Mahali ambapo mlima wa Sachangwan unaanza kukaza, mzee aliliingiza lori pembeni, akaacha injini ikinguruma.

"Unaona kile kibao cha kona?"

"Nakiona."

"Gogo begani mpaka pale. Ukifika, nipigie miwili. Nikisikia, Jumatatu unaanza."

"Na mimi nitaanza nini?" mwenzangu akauliza.

"Wewe una saruji yako. Kwani saruji imekwisha Nakuru?" Mzee alicheka. Yule bwana hakucheka. Alishuka kunipisha, akaniwekea gogo begani taratibu, na akalisawazisha lisinichome shingoni, upande ule ule wa kovu langu.

Hewa ya kule juu ni baridi na nyepesi, na harufu yake ni ya udongo mbichi, majani ya viazi na dizeli. Nilikuwa nimeiota. Hatua mbili navuta, hatua nne natoa. Nikapita nguzo ya kwanza, ya pili. Mama mmoja wa kuuza karoti kando ya barabara alinitazama nikipita.

"Boss, pumzika. Hilo gogo halikukimbii."

Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Baada ya nguzo ya nne ikawa hatua moja navuta, hatua moja natoa, na pembeni mwa macho kukaanza giza dogo. Nikaliweka gogo chini kwenye majani, nipumzike kidogo, nilichukue. Nilipoza uji. Nikainama kulishika, na mwili ukakataa waziwazi, kama punda. Kibao kilikuwa pale, karibu. Nikaenda bila gogo.

Nilifika. Nilishika magoti muda mrefu, kisha nikasimama wima, nikabana midomo na kupiga. Wa kwanza. Wa pili, ukipanda mwishoni. Mbuzi mmoja kwenye majani aliinua kichwa. Na kule chini, taa za lori zikawaka mara mbili. Alikuwa amesikia. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kwenye barabara ile. Halafu lori likaanza kupanda kwa gia nzito, na nikaliona likipunguza mwendo pale kwenye nguzo ya nne, na mtu akiruka chini na kuinama.

Nilipopanda kebini gogo lilikuwa miguuni pa yule bwana.

"Mluzi nimeusikia," mzee akasema.

Tulikuwa tumekaribia yale makaburi. Akazima redio. Midomo yake ikaanza kutikisika, nasi tukanyamaza. Na katika kimya kile hakikusikika kitu isipokuwa mimi: pumzi zangu, za haraka, za kukwaruza, kama msumeno kwenye kuni mbichi. Nilijaribu kuzificha, nikazidisha. Mzee alimaliza Fatiha yake, tukapita kona, na redio hakuiwasha. Alisikiliza. Alisikiliza kilomita nzima.

"Mzee," nikasema nilipoweza, "ningekuwa kazini leo, tungekuwa tumerudi nyuma."

"Tungekuwa."

"Na watu walikuwa nyuma yetu."

"Walikuwepo," akasema, na akafuta macho yake kwa mkono wa shati, kisha akalalamika juu ya vumbi, ilhali ilikuwa imenyesha.

Molo, walipokuwa wakipakua mbolea, nilimwita yule baba wa mapacha nyuma ya ghala. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia, leta midomo.

"Mimi na hili pengo?"

"Pengo ndilo mlango. Vuta kwa pua. Sasa poza uji."

"Uji gani?"

"Wa mapacha wako. Ni moto, wanalia."

Alipuliza hewa tupu, tukacheka, na wapakuaji wakamuuliza kama anaota meno. Nikamwonyesha ulimi unakaa wapi, na jinsi ya kuanzia chini, kwenye mbavu. Viazi vilipokuwa vinapakiwa, ukamtoka. Ulikuwa mnene, wa mtu mwenye kifua kizima. Aliupiga tena, miwili, na mzee aliyekuwa amelala chini ya lori akikagua breki alijibu bila kutoka, "Naenda wapi sasa, mbona gari halijajaa?"

Hiyo ni mwaka jana. Daktari anasema ukungu kwenye picha umepungua, na kwamba kovu limekaa mahali pake na halisogei. Kila nikienda napuliza kwenye mrija wa kipimo na kumuuliza maana ya kila mstari. Jumatatu naenda kwa miguu hadi kwenye ghala la mbolea kuwaangalia wakiondoka. Napumzika mara mbili tu njiani. Yule bwana alinichongea gogo dogo, nusu ya lile. "Hili ni mtoto," aliniambia. "Ukimzoea, nitakuletea mama yake." Nalibeba asubuhi hadi kwenye ua wa mbuga na kurudi nalo, na mama wa chapati anauliza kama nimepeleka mtoto kliniki.

Lori likiwa tayari, yule bwana analipanda kwa nyuma na kupiga miwili. Alijifunza kwangu nikiwa nimechoka, kwa hiyo wa pili hupanda kidogo mwishoni, na sasa amezoea hivyo na hataki kurekebishwa. Midomo yangu hujibana yenyewe. Gurudumu linaanza kuzunguka, nami nabaki nikitoa pumzi polepole mpaka lori lizame kwenye kona ya kuelekea Salgaa, halafu naweka gogo langu dogo begani na kuanza kuhesabu nguzo.